Nani aliiua kompyuta ya baba?

Kwenye kipindi cha wiki iliyopita tulikuwa tunazungumzia vitu tulivyoviharibu utotoni bila kusema, nami nikadokeza kwamba niliwahi kuiua kompyuta ya baba. Tukacheka, tukaendelea na mada. Sasa naona ujumbe wenu: uliiuaje? Uliimwagia chai? Hapana jamani. Niliiua kwa volti, polepole, kwa miezi kama minane, na aliyelaumiwa alikuwa mtu mwingine kabisa.

Nimeona niandike kwa urefu, maana hadithi yangu ni kipande kidogo cha historia kubwa zaidi. Ni historia ya watu, na baadaye viwanda vyenyewe, kuzibana prosesa zikimbie kuliko zilivyoandikiwa. Gharama ya mchezo huo ina tabia moja mbaya: inachelewa kufika. Ikifika, aliyeisababisha ameshatoka chumbani, na aliyesimama karibu ndiye anayeshikwa.

Tuanze na neno lenyewe. Kila prosesa hufanya kazi kwa mapigo, kama ngoma. Ya gigahezi 1.6 hupigiwa mapigo bilioni 1.6 kila sekunde. Kuovakloki ni kuilazimisha ifuate ngoma ya haraka kuliko ile ya kiwandani. Inawezekana kwa sababu kiwanda huacha akiba. Chipu hazilingani hata zikikatwa kwenye sahani moja ya silikoni. Nyingine huzaliwa na nguvu, nyingine dhaifu kidogo. Kwa hiyo kiwanda huandika namba ambayo hata ile dhaifu, ndani ya kasha lenye vumbi, kwenye chumba cha joto, itaifikia kwa miaka. Nafasi iliyopo kati ya namba hiyo na uwezo halisi wa chipu yako ndiyo akiba, na ndiyo watu walianza kuichota.

Walianza mapema. Mwaka 1984 IBM ilitoa PC AT, yenye prosesa ya 286 iliyokwenda megahezi 6. Mwendo ule ulitoka kwenye kristali ndogo ya megahezi 12, na prosesa ilitumia nusu yake. Watu wakagundua haraka: chomoa hiyo, chomeka ya megahezi 16, una megahezi 8 kwa pesa ndogo sana. IBM haikufurahi. Matoleo ya baadaye ya AT yalipima mwendo wake yenyewe wakati wa kuwaka, na yakakataa kuendelea yakiona ngoma imeharakishwa.

Hapo tuweke alama, kwa sababu wale wa 1984 walibadilisha mwendo tu. Volti ilibaki palepale, 5. Mashine ikishindwa, iliganda. Unarudisha kristali ya zamani na maisha yanaendelea. Mwendo peke yake unaongeza joto, ndiyo, lakini ni nadra uue chipu. Muuaji alikuwa bado hajaingia.

Turuke hadi Agosti 1998, kwa prosesa ambayo watu wa umri wa kaka zetu wakubwa bado wanaitaja kama wapenzi wa mpira wanavyotaja fainali fulani: Celeron 300A ya Intel. Iliuzwa kama kitu cha watu wa bei rahisi, dola 149 ilipotoka. Intel iliifungia ile namba ya kuzidishia, yaani mara 4.5, lakini bado ungeweza kubadilisha mwendo wa basi, ile barabara inayounganisha prosesa na vitu vingine kwenye bodi. Kawaida ilikuwa megahezi 66. Ukiiweka 100, piga hesabu: 450. Na prosesa rasmi ya Intel iliyokwenda 450 wakati huo, Pentium II, ilikuwa ya zaidi ya dola 600.

Kwenye bodi nyingine watu walibandika kipande cha utepe juu ya pini moja, ile B21, ili bodi idanganyike na kudhani imepewa prosesa ya basi la 100. Wenye bodi ya Abit BH6 hawakuhitaji hata utepe: unaingia kwenye ukurasa wa BIOS, unachagua mwendo, na chini yake kuna mstari mwingine unaokuruhusu kuchagua volti. Mstari huo ndio uliobadilisha mchezo.

Kwa nini mtu aongeze volti? Transista ni kama swichi, na volti ndiyo nguvu ya kidole kinachoibonyeza. Ukiharakisha ngoma, swichi inapewa muda mfupi zaidi wa kugeuka kabla ya pigo lijalo. Isipowahi, jibu linatoka kosa, na kompyuta inaganda. Ongeza nguvu ya kidole, inageuka upesi zaidi. Celeron iliyogoma kwenye 450 kwa volti 2.0 za kawaida ilikubali ukiipandisha kidogo tu. Na nyingi zilidumu! Hili lazima niliseme kwa haki, kwa sababu ndilo lililotuponza sote. Kizazi kizima kikajifunza kwamba ukiongeza volti kidogo hakuna kinachotokea.

Kumbe kilichokuwa kinatokea hakionekani. Naomba mvumilie fizikia kidogo, nitaenda taratibu.

Kwanza ni joto. Umeme unaotumiwa na chipu hupanda sawa na mwendo, lakini kwa volti hupanda kwa kipeo cha pili. Ongeza mwendo kwa asilimia 10, joto linaongezeka kama asilimia 10. Ongeza volti kwa asilimia 10, linaongezeka asilimia 21. Fanya vyote viwili na utaelewa kwa nini feni za siku zile zililia kama ndege inayoondoka Heathrow.

Joto angalau linapimika. La pili halipimiki ukiwa umekaa nyumbani. Ndani ya chipu kuna nyaya nyembamba mno za chuma, na ndani yake elektroni zinakwenda kwa wingi. Zikipita kwa msongamano mkubwa huwa zinazigonga atomi za chuma na kuzisogeza kidogo kuelekea zinakokwenda. Atomi moja, nyingine, nyingine. Ndiyo, hata atomi huhama. Tofauti na wazazi wetu ni kwamba hazitumi chochote nyumbani. Huku zilikotoka panabaki tundu, huko zilikofikia panarundikana. Siku moja waya unakatika, au rundo linamgusa jirani.

James Black wa kampuni ya Motorola alilipatia jambo hili hesabu yake miaka ya 1960, na kanuni yake aliyoichapisha mwaka 1969 bado inatumika. Inasema, kwa lugha yetu, kwamba umri wa waya unapungua kwa kipeo cha pili cha msongamano wa umeme: ukiuzidisha mara mbili, umri unabaki robo. Halafu joto linaingia kwa njia mbaya zaidi, kwa sababu kila nyuzi chache zinazoongezeka zinaukata umri tena na tena. Viwanda viliyajua haya vizuri. Ndiyo sababu moja IBM ilitangaza mwaka 1997 kwamba inahama kutoka nyaya za alumini kwenda za shaba: shaba hupitisha umeme vizuri zaidi, na atomi zake ni ngumu zaidi kusukumwa.

La tatu liko kwenye transista zenyewe. Chini ya ule mlango wa kila transista kuna utando wa kuzuia umeme, na kadiri transista zilivyopunguzwa ukubwa, utando nao ulipunguzwa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulikuwa chini ya nanomita 2, yaani safu chache tu za atomi. Volti ikizidi, chaji zinanaswa ndani ya utando, kasoro zinajengeka, na ipo siku unatoboka. Hata usipotoboka, transista inazeeka: ile swichi inakuwa nzito. Jana ilihitaji volti 1.5 kugeuka kwa wakati, leo inahitaji zaidi kidogo kwa kazi ileile. Shikeni hapo, tutaparudia.

Januari 2002 Intel ilitoa Pentium 4 mpya yenye jina la ndani Northwood. Iliyotangulia, Willamette, ilikuwa na nyaya za alumini, transista kubwa zaidi, na volti ya kawaida ya 1.7 hadi 1.75. Northwood ilipunguzwa, ikapewa nyaya za shaba, na volti ya kawaida ikawa 1.5. Sasa fikiria mtu aliyetoka kwenye Willamette. Machoni pake 1.75 ni volti ya kila siku, kitu ambacho Intel yenyewe iliandika kwenye kasha. Anaipa Northwood volti hizohizo. Inakwenda vizuri ajabu. Anafanya majaribio ya Prime95 usiku kucha, hakuna kosa hata moja, anatangaza mashine yake ni imara. Wiki au miezi inapita, asubuhi moja kioo ni cheusi. Waliopatwa na msiba huo walikuwa wengi kiasi kwamba ulipewa jina, kifo cha ghafla cha Northwood, na watu wakaanza kuonyana wasivuke 1.7.

Mimi sikuonywa. Au nilionywa, nikaona ni woga.

Mwaka 2003 nilikuwa na miaka 14. Baba alinunua kompyuta iliyotumika kutoka kwa mtu wa kwetu, mzee aliyekuwa na kiduka kidogo cha kutengeneza mashine. Ilikuwa Pentium 4 ya gigahezi 1.6, Northwood, ikiwekwa pembeni ya sebule chini ya kitambaa kilichofumwa na mama, kana kwamba ni televisheni ya 1970. Baba alikuwa mhazini wa mfuko wa mazishi wa jumuiya yetu. Michango yote, nani ametoa pauni 10, nani bado, ilikuwa humo. Ilikuwa kompyuta yake. Mimi niliruhusiwa baada ya kumaliza kazi za shule.

Basi la prosesa ile lilikuwa megahezi 100, mara 16. Nikaliweka 133. Hesabu: 2,133, karibu megahezi 533 za bure. Kwa volti 1.5 iliganda. Nikaenda 1.6, ikaganda ndani ya mchezo. Nikaishia 1.75, kwa sababu nilisoma mahali kwamba ndiyo kawaida ya Pentium 4. Ilikuwa kweli, ila ya Pentium 4 nyingine. Leo nikipiga hesabu ya joto, mwendo mara 1.33 na volti kwa kipeo cha pili mara 1.36, naona niliiongezea mzigo wa karibu asilimia 80, na feni niliiacha ileile.

Miezi kama mitano mambo yalikuwa safi. Halafu ikaanza kuganda tena, mara moja kwa wiki, kisha kila siku. Nilifanya kile ambacho karibu kila kijana aliyewahi kuovakloki amefanya: niliongeza volti. Ikatulia! Nikajiona fundi. Kumbe swichi zilikuwa zinazeeka kwa sababu ya volti, na dawa niliyozipa ni volti. Baada ya wiki chache ikawa haishiki tena hata nikiirudisha kwenye 1.6 yake ya kuzaliwa. Asubuhi ya Jumamosi, baba akiwa na kikao cha mfuko mchana, haikuwaka.

Nilichofanya kabla haijafa moja kwa moja ni hiki, na ndicho ambacho sikukisema kwenye kipindi: nilirudisha namba zote za BIOS kama zilivyokuwa. Kwa hiyo fundi aliyeiangalia hakuona chochote. Akamwambia baba prosesa imekufa, na prosesa kwa kawaida hazifi, labda aliuziwa iliyokuwa na kasoro tangu mwanzo. Baba akaamini. Kwa nini asiamini? Hesabu za mfuko zilisalimika, diski ilikuwa nzima, lakini mashine nyingine alinunua kwa kulipa kidogo kidogo kwa mwaka mzima. Na yule mzee aliyemuuzia, mtu waliyekuwa wanakaa pamoja baada ya sala, baba hakumkasirikia waziwazi. Salamu aliitikia, ila kwa mbali. "Amenipa kimeo," alisema nyumbani, mara moja tu, na hakulirudia. Mimi nilikuwa nimekaa palepale na sahani ya wali.

Ningeweza kuishia hapo, lakini historia haikuishia hapo, na kilichofuata ndicho kilichonirudisha kwenye kesi yangu.

Polepole mchezo ulihama kutoka kwenye vyumba vya vijana kwenda viwandani. Wale wa rekodi waliendelea na yao: mwaka 2011 kikosi cha AMD kiliifikisha prosesa ya FX gigahezi 8.429, kwa ubaridi mkali wa nitrojeni na heliamu za majimaji. Hao hawanihusu sana. Walijua wanachoma kitu, na walikichoma mbele ya watu. Muhimu zaidi ni Novemba 2008, Intel ilipotoa Core i7 za kwanza zenye uwezo wa kujiharakisha zenyewe pale joto na umeme vinaporuhusu. Kila mwaka uliofuata, sehemu zaidi ya ile akiba ilichotwa na kiwanda chenyewe na kuuzwa ndani ya kasha. Ndiyo maana siku hizi ukiovakloki unapata vijiasilimia vichache tu na bili ya umeme. Akiba haiozi, wazee wanasema, lakini hii ilikuwa imeshaliwa.

Oktoba 2022 Intel ilitoa i9-13900K, yenye kilele cha gigahezi 5.8. Mwaka uliofuata, 14900K ikagusa 6.0. Mwanzoni mwa 2024 wachezaji wakaanza kulalamika: michezo inaanguka ikianza tu, na ujumbe unaotokea unasema kumbukumbu ya kadi ya video imekwisha. Ulikuwa ujumbe wa uongo. Kadi zilikuwa nzima. Lakini watu walizilaumu kadi, wakawalaumu waandishi wa michezo, wakarudisha kadi dukani na kununua nyingine, na tatizo likabaki. Aprili 2024 Nvidia ikawaelekeza wateja wake wakaiulize Intel. Macho yakageukia watengenezaji wa bodi, ambao kwa miaka walikuwa wanalegeza mipaka ya umeme ili bodi zao zishinde kwenye majaribio. Hao nao hawakuwa wasafi, lakini hawakuwa jibu lote.

Julai Intel ilikiri kwamba maagizo ya ndani ya prosesa zenyewe yalikuwa yanaomba volti kubwa mno. Mwezi uliofuata ukatoka msimbo mpya wa kuzuia maombi ya zaidi ya volti 1.55, na dhamana ikaongezwa miaka miwili, kutoka mitatu hadi mitano. Septemba maelezo yakakamilika: ndani ya kila kiini kuna saketi inayosambaza mapigo ya saa, na hiyo ndiyo ilikuwa inazeeka kwa volti na joto, hadi kiwango cha chini cha volti inachohitaji kufanya kazi kikapanda. Swichi imekuwa nzito, si ndiyo? Niliposoma nilishika kichwa. Kilichonikaa zaidi ni kwamba volti zile kubwa ziliombwa hata kompyuta ikiwa haina kazi, mtu amefungua barua pepe tu na kikombe mkononi. Na ule msimbo mpya unakinga chipu ambayo bado ni nzima. Iliyokwisha kuumia haiponi, inabadilishwa.

Yaani kampuni yenye maabara, wahandisi na kanuni za Black ukutani ilifanya nilichofanya mimi sebuleni nikiwa na miaka 14, na kwa miezi mingi lawama zikaenda kwa jirani. Simsemi mtu kwa ubaya. Naona ni tabia ya madhara ya aina hii. Ukidondosha sahani, kila mtu anageuka kukutazama. Ukiipa chipu volti 1.75, inakushukuru kwa kasi leo, na kufa inakufa mbele ya mtu mwingine.

Nilimwambia baba mwaka 2024, wiki ileile ya habari za Intel. Tulikuwa tumemaliza kula. Nilianza na fizikia, kwa uoga, nikazunguka sana kwenye atomi na utando, hadi akanikatiza: "Mwanangu, unataka kuniambia nini?" Nikamwambia.

Alikaa kimya. Kisha akauliza kilichoongezeka ni kiasi gani. Nikasema megahezi 533. Akauliza hiyo ni nyingi? Nikasema wakati ule niliona ni nyingi.

Hakunigombeza. Aliinuka, akaleta kile kitabu chake cha namba za simu, cha karatasi, kilichoshikiliwa na raba, akaanza kutafuta jina la yule mzee. Kiduka kilifungwa zamani, na namba aliyokuwa nayo haipatikani. Tangu hapo kila Ijumaa anauliza watu msikitini kama kuna anayejua alihamia wapi.